Geji ya joto kwenye Vitz ya zamani: sensa ikae wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Vitz ya mwaka 2000, ile ya injini ya cc elfu moja. Naishi Igawilo, hapa Mbeya, na kila wikiendi napanda mlima wa Isyonje kwenda Tukuyu kwa wazazi. Mwezi uliopita taa nyekundu ya joto iliwaka mlimani. Kusimama tu, nikakuta mpira umepasuka na maji yamekwisha. Mpira umebadilishwa na gari linatembea, lakini sina amani, maana dashibodi yangu haina mshale wa joto, ina taa ya bluu na nyekundu basi. Nimenunua geji ya umeme pale Mwanjelwa, imekuja na sensa yake na adapta ya mpira. Fundi mmoja anataka kuiweka kwenye mpira wa juu wa rejeta. Mwingine anasema nisikate mpira wowote, ataunga tu kwenye waya wa sensa iliyopo kwenye injini. Nimfuate nani? Halafu niliichovya ile sensa kwenye maji yanayochemka, geji ikasoma 94 badala ya 100. Niirudishe dukani? Na je, nifunge na ya presha ya oili?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la sufuria, kwa sababu ukilielewa hilo na mengine yatanyooka. Geji usiirudishe, ni nzima. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi zaidi, kwa hiyo sufuria hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharage ya huku yanakula mkaa. Iringa ni karibu 95, Njombe inashuka hadi 93 na ushee. Geji yako imesema kweli. Ingesoma 100 jikoni kwako Igawilo ndipo ningekuambia uikimbize dukani.

Sasa hiyo 94 uitie kwenye gari. Themostati, kile kilango kinachoruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta, kwa Toyota nyingi ndogo hufunguka kwenye nyuzi 82, na feni ya umeme huanza kuzunguka kwenye tisini na kitu. Maana yake injini yako, ikiwa nzima kabisa, inafanya kazi palepale ambapo sufuria ya Mbeya inatokota. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima kinayafungia maji kwa presha. Ukisoma juu yake utakuta 0.9 au 1.1, na hicho cha 0.9 kikishika vizuri maji ya Mbeya hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Kwa Dar ingekuwa kama 118. Unaona? Kifuniko kikiwa kizima, tofauti yetu na watu wa pwani ni nyuzi tatu tu, si kitu. Lakini raba ya kifuniko ikichoka, mwenzako wa Dar bado ana nyuzi kadhaa za kuchezea, wewe huna hata moja. Feni haijaamka, maji tayari yanatokota.

Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote, nenda kanunue kifuniko kipya chenye namba ileile ya cha zamani. Usikubali mtu akuwekee cha 1.3 kwa madai kwamba ni kizuri zaidi. Rejeta ya gari la miaka hiyo ina matanki ya plastiki, na mipira yako mingine ni rika moja na ule uliopasuka. Na kama baada ya kupasuka walijaza maji ya bomba matupu, yamwage, weka kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka, inazuia kutu, na kule Isyonje mwezi wa Juni na Julai hata suala la barafu si la mzaha.

Tuje kwa mafundi wako wawili.

Huyo wa pili, anayetaka kuunga kwenye waya wa sensa ya gari, mshukuru kwa adabu na uondoke. Ile sensa inazungumza na kompyuta ya injini. Kompyuta inapeleka volti ndogo, inasoma ni kiasi gani kimebaki, na kwa hesabu hiyo inajua injini ina joto gani. Ukiunga geji kwenye waya huohuo, geji nayo inavuta au inasukuma umeme wake, hesabu inaharibika. Kompyuta inaweza kudhani injini ni ya baridi ikamimina mafuta mengi, au ikadhani ina joto sana. Feni inaweza kuwaka ovyo au isiwake kabisa. Unakuwa umenunua kitu cha kulinda injini, kisha umeidanganya injini hiyohiyo. Vilevile kila geji imepimwa na sensa iliyokuja nayo kwenye boksi. Sensa ya Toyota na geji ya Mwanjelwa hazijuani.

Huyo wa kwanza yuko sahihi nusu. Mpira wa juu wa rejeta ndio watu wengi wanaoutumia kwa sababu ni mpana, unaonekana, na adapta zake zinapatikana. Maji yanayopita pale yanatoka moja kwa moja kwenye injini, kwa hiyo themostati ikishafunguka utasoma joto la kweli. Tatizo ni kabla haijafunguka. Themostati ikiwa imefunga, maji ya kwenye mpira ule yamesimama. Asubuhi geji itakaa chini muda mrefu halafu itaruka ghafla; hilo unaweza kulizoea. Usiloweza kulizoea ni siku themostati itakapogoma kufunguka. Injini itaungua huku sensa yako imekaa kwenye maji ya uvuguvugu, na mshale uko mahali pazuri kabisa.

Mimi ningeiweka kwenye mpira wa hita. Kwenye gari lako kuna mipira miwili myembamba inayotoka injini na kuingia ndani kupitia lile bati la mbele ya miguu yako. Mmoja unaleta maji ya moto kutoka kwenye hedi (kichwa cha injini), mwingine unayarudisha. Maji yale yanazunguka hata themostati ikiwa imefunga. Kujua upi ni upi, huhitaji kitabu. Asubuhi gari likiwa la baridi kabisa, weka kitufe cha joto kwenye nyekundu mwisho, washa injini, kisha shika mipira kwa mkono kila baada ya dakika moja. Mpira wa hita utakaopata joto kwanza, huku ule wa juu wa rejeta bado ni wa baridi, ndio wa kutoka kwenye hedi. Sensa ikae hapo. Mikono iwe mbali na mkanda na feni; feni ya umeme haikupigii hodi.

Hapa kuna mtego wa magari yetu. Vitz nyingi zimepita mikononi mwa watu waliokuta hita inavuja, na badala ya kuitengeneza wakaikata. Fungua boneti uangalie. Ukikuta ile mipira miwili imeunganishwa kwa kipande kimoja kilichokunjwa kama U, si neno, maji bado yanazunguka na adapta inaweza kukaa kwenye kipande hicho. Ukikuta mipira imezibwa kwa bolti na klipu, hapo hapana mzunguko, sensa itakudanganya. Warudishe kwanza mzunguko.

Adapta uliyonunua huenda ni ya mpira mkubwa. Ya hita ni ndogo. Mipira ya hita kwenye Toyota mara nyingi ni ya milimita 16 kwa ndani, ila pima wako kwa venia (kile kipimo cha taya cha milimita), usinunue kwa kukisia. Adapta ikilegea unaibana kwa klipu mpaka mpira unakatika. Angalia pia thredi, yaani meno ya kufungia, za tundu la sensa. Geji nyingi za kununua huja na thredi ya moja ya nane ya inchi ya Kimarekani, yenye meno 27 kwa inchi. Ile ya Kiingereza ya ukubwa huohuo, inayotumika sana kwenye magari ya Kijapani, ina meno 28. Ukiziingiliza zinaanza vizuri, zunguko mbili tatu, halafu zinakaza. Fundi mwenye nguvu anadhani imekaa. Imekula thredi. Tumia adapta ya seti moja na sensa, na ijaribu kwa vidole kabla ya spana.

Ukikosa kabisa adapta ya mpira wa hita, basi mkubalie fundi wako aiweke mpira wa juu. Ni bora kuliko kukaa na taa peke yake. Ila ile taa nyekundu ya gari ibaki inafanya kazi, maana sensa yake iko kwenye injini yenyewe, haiko kwenye mpira. Unakuwa na mashahidi wawili waliosimama sehemu mbili.

Sasa jambo lililonitia hasara mimi mwenyewe. Sensa yenye waya mmoja inapata ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi betri, kupitia chuma ilichofungwa. Ikifungwa kwenye injini, chuma ni injini, mambo yamekwisha. Lakini adapta iliyo katikati ya mpira imeshikwa na raba huku na huku. Haijagusa chochote. Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu nilimfungia mteja geji kwenye Corolla, kwenye mpira, nikasahau waya wa ethi. Mshale ukakaa chini kabisa. Mteja akafurahi: fundi, tangu umefunga hii kitu gari halichemshi! Nami nikafurahi. Akaenda Morogoro na kurudi, na wakati wa kupanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni gari likavuta moshi mweupe hedi ikiwa imepinda. Mshale bado uko chini. Kuchonga hedi, gasketi, kuvuta gari mpaka Iringa, vyote nililipa mimi, na ilikuwa haki.

Kwa hiyo: adapta nyingi zina kitundu kidogo cha skrubu ubavuni. Hicho ni cha ethi. Vuta waya kutoka hapo mpaka kwenye bolti ya injini, uikwangue rangi na kutu kwanza. Kama adapta haina kitundu, kuzungushia waya chini ya klipu ya chuma hakuna maana, klipu imekaa juu ya raba. Tafuta adapta nyingine au sensa ya waya mbili. Kisha jaribu hivi: swichi ikiwa imewashwa, chomoa waya kwenye sensa, mshale ushuke chini kabisa. Gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja, mshale upande juu kabisa. Geji nyingi za bei yetu zinafanya hivyo kwa sababu sensa yake hupunguza ukinzani inapopata joto. Baada ya jaribio hilo unajua kwamba mshale ukikaa chini barabarani ni baridi kweli au waya umekatika, na ukikaa juu bila kushuka hata asubuhi, waya umechubuka na kugusa bati.

Umeme uliobaki ni mwepesi. Waya wa moto uchukuliwe kwenye saketi inayowaka ufunguo ukiwa kwenye ON, sio moja kwa moja betri, la sivyo utaamka asubuhi na gari halina nguvu. Weka fyuzi yake ndogo, ampea 3 inatosha. Waya wa taa ya geji uungwe na taa ndogo ili usiku iwake pamoja nazo. Nyaya zikipita kwenye bati zipite ndani ya raba, si kwenye tundu tupu la chuma, na zisipite karibu na ekzosi. Viungo ni vya kulehemu au kubana kwa klipu zake. Kusokota na kufunga solotepu ni kazi ya redio ya kijiweni. Geji yenyewe ni ya milimita 52 kama nyingi zilivyo, na Vitz yako ina mita katikati ya dashibodi, kwa hiyo mbele ya usukani kuna nafasi tupu. Ikae hapo chini kidogo, isizibe kioo wala isikae mahali mfuko wa hewa unapotokea.

Mkishafunga, mtakuwa mmeingiza hewa kwenye mfumo. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Egesha gari pua ikiwa imeelekea mlimani, Mbeya hukosi mteremko, fungua kifuniko gari likiwa la baridi, weka hita kwenye joto, jaza taratibu, acha injini ingurume huku ukiongeza mpaka mapovu yaishe na mpira wa juu upate joto. Funga. Kesho yake asubuhi angalia tena, yatakuwa yameshuka kidogo.

Kuna swali hukuniuliza, nami nakuuliza: themostati ipo? Huku kwetu gari likichemsha mara moja, fundi wa kwanza anaitoa. Geji itakuambia yenyewe. Ukiteremka kutoka Isyonje kuelekea Tukuyu asubuhi na mshale unaanguka hadi 60 au chini yake, ujue haipo au imebaki wazi. Kompyuta itafikiri injini haijapata joto, itaendelea kumwaga mafuta mengi, na oili itachafuka mapema. Irudishe. Injini hii haikutengenezwa kutembea bila hiyo, na kwa baridi yetu unaumia mara mbili ya mtu wa Dar.

Barabarani sasa. Tambarare, geji ikionyesha kati ya 82 na 95, endesha. Ukipanda mlima umejaza watu na ndizi, mpaka 100 usishtuke, mradi inashuka ukifika juu. Ikivuka 105 zima AC, fungua hita mpaka mwisho na vioo vishushwe, mtatoka jasho lakini ile hita ni rejeta ya pili. Punguza mwendo, teremsha gia ili pampu ya maji izunguke vizuri bila injini kukamia. Ikigonga 110, tafuta pa kusimama penye usalama. Usizime papo hapo kama hakuna mvuke na mshale umetulia. Acha ingurume dakika moja mbili feni ifanye kazi. Mshale ukiendelea kupanda, au ukiona mvuke, zima. Kifuniko usikiguse mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kukuunguza.

Na hili likae kichwani kuliko yote. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, wakati mguu wako uko kwenye mafuta, usishukuru. Sensa hupima maji. Maji yakikimbia yote, kama yalivyokimbia siku ile, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, inaanza kusoma chini. Hata taa yako nyekundu inaweza kuchelewa au kuzimika kwa sababu hiyohiyo. Wewe ulibahatika ikawaka. Kupanda haraka na kushuka haraka vyote viwili ni amri ya kusimama. Ishara nyingine ni hita: ikiwa wazi na ghafla inapuliza ubaridi wakati injini ina joto, maji hayapo.

Ya presha ya oili iache kwanza. Gari lina taa yake, na injini ndogo inayobadilishwa oili kwa wakati haikuhitaji umwongezee kiungo kingine cha kuvuja. Hiyo pesa nunua mipira ya zamani iliyobaki na klipu mpya.

Baada ya wiki moja kaza klipu tena asubuhi gari likiwa la baridi, maana raba mpya hujilegeza. Na kama maji yanaendelea kupungua bila tone kuonekana chini, au mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, hapo gasketi ya hedi iliumia siku ile mlimani na hakuna geji ya kuitibu. Lilaze gari kwa fundi usiku kucha, aliwashe yeye mwenyewe asubuhi likiwa la baridi na aitazame rejeta kifuniko kikiwa wazi. Ukimpelekea limetoka njiani na joto lake, hataona kitu.